HERNANDO OCAMPO: MCHORAJI ASIYEPITIA CHUO CHA SANAA

Hernando Ruiz Ocampo alizaliwa tarehe 28 Aprili, 1911 huko Santa Cruz, jijini Manila, wakati Ufilipino ilipokuwa koloni la Marekani. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote cha sanaa, ila leo huhesabika miongoni mwa nguzo za sanaa ya kisasa ya nchi hiyo.

Kalamu ndiyo iliyotangulia brashi maishani mwake. Katika miaka ya 1930 alikuwa mwandishi wa hadithi fupi na mashairi, mmoja wa kundi la waandishi chipukizi walioitwa Veronicans, ambamo pia mlikuwa na Francisco Arcellana. Uandishi, uhariri wa magazeti na miswada ya filamu ndivyo vilivyomsaidia kujikimu, huku akijifunza uchoraji kwa juhudi zake binafsi.

Uchoraji uliotamba wakati huo ulikuwa wa Fernando Amorsolo: mashamba ya mpunga yaliyojaa mwanga wa jua na wanawali wenye nyuso za furaha. Victorio Edades aliupinga mkondo huo kwa maonyesho yake ya mwaka 1928, na Ocampo akawa mmoja wa Wanausasa Kumi na Watatu waliomuunga mkono. Picha zake za awali zilisawiri umaskini na dhiki ya walalahoi wa mjini. Swali lililokuwapo halikuwa la mtindo tu. Lilihusu ni maisha ya nani yaliyostahili kuchorwa.

Vita vya Pili vya Dunia viliiacha Manila magofu. Mwandishi Manuel Arguilla aliuawa na Wajapani mwaka 1944. Mjane wake, Lyd Arguilla, ndiye aliyekuja kuongoza Philippine Art Gallery, ukumbi uliowapa hifadhi wanausasa katika miaka ya 1950. Humo Ocampo alijulikana pamoja na wenzake wa kundi la Uhalisia Mpya, wakiwamo Vicente Manansala, Cesar Legaspi na Anita Magsaysay-Ho.

Hatua kwa hatua, maumbo ya watu na vitu yaliyeyuka katika kazi zake. Mahali pake pakachukuliwa na vipande vya rangi vilivyoshikamana mithili ya majani, mawe au ndimi za moto: rangi nyekundu, ya machungwa na ya kijani, zenye joto la nchi za tropiki. Hata hivyo, wepesi huo wa kutazamika ulitokana na nidhamu kali. Kwanza alichora ramani ya picha kwa penseli, akakipa kila kipande nambari ya rangi yake, ndipo akapaka. Asiyekuwa na mwalimu alijiwekea kanuni ngumu kuliko za darasani.

Mwaka 1968 alichora Genesis, mchoro uliofanywa kielelezo cha pazia kuu la ukumbi wa Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino, kilichofunguliwa mwaka 1969. Hivyo kazi ya mtu asiyepitia chuo cha sanaa ikawa ndiyo inayowalaki watazamaji katika jukwaa kuu la taifa.

Ocampo alifariki tarehe 28 Desemba, 1978, akiwa na umri wa miaka 67. Mcheza kwao hutunzwa, ingawa tuzo hii ilichelewa: alitangazwa Msanii wa Taifa mwaka 1991, miaka 13 baada ya kifo chake. Kwa mwanafunzi wa sanaa na fasihi, maisha yake yanathibitisha kuwa kukosa chuo si kukosa elimu, mradi mtu awe tayari kujisomesha bila kujihurumia.