Andrew Carnegie, Tajiri wa Chuma cha Pua

Andrew Carnegie alizaliwa tarehe 25 Novemba, 1835, katika mji wa Dunfermline, Uskoti. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo za kitani, akifuma kwa mkono. Zilipokuja mashine za mvuke, kazi yake ikakosa wanunuzi, na umaskini ukaingia nyumbani. Mwaka wa 1848 wazazi wakakopa nauli, wakavuka bahari na watoto wao wawili, wakakaa Allegheny, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani.

Huko Andrew aliandikwa kazi katika kiwanda cha pamba kwa dola 1 na senti 20 kwa juma. Kisha akawa tarishi wa simu za maandishi. Hakuridhika na kupeleka simu za watu tu. Alijifunza kufahamu milio ya mtambo kwa masikio, bila kungoja iandikwe katika karatasi. Shule ya mchana alikuwa ameiacha Uskoti. Lakini bwana mmoja, Kanali James Anderson, alikuwa na vitabu kama 400, akiwaazima vijana wafanyakazi kila Jumamosi. Vitabu hivyo ndivyo vilivyomfumbua macho.

Mwaka wa 1853 aliingia kazi ya reli, na mwaka wa 1859 akawa msimamizi wa sehemu nzima. Fedha alizopata alizitia katika biashara. Mwaka wa 1875 kiwanda chake cha Braddock kilianza kutengeneza reli za chuma cha pua, kwa njia ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Alipima gharama ya kila kitu, hata akaweza kuuza kwa bei iliyowashinda wenzake.

Lakini mshahara nao ni gharama. Mwaka wa 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, msimamizi Henry Clay Frick alitaka kuupunguza, akawafungia nje wafanyakazi. Carnegie alikuwa Uskoti, naye alimwachia Frick shauri lote. Tarehe 6 Julai walinzi 300 wa kukodiwa walifika kwa mto, wakapigana na wafanyakazi, na watu wa pande zote mbili wakafa. Chama cha wafanyakazi kikavunjika. Mchumia juani hulia kivulini, lakini hawa walichuma motoni, na kivuli hawakukiona.

Mwaka wa 1901 aliuza viwanda vyake kwa dola milioni 480. Tangu hapo hata alipofariki, tarehe 11 Agosti, 1919, kazi yake ilikuwa kutoa. Kwa fedha zake zilijengwa maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi nyingi.

Wasomaji wapenzi, tumsifu kwa maktaba hizo, maana hakuisahau fadhili ya Kanali Anderson. Lakini mtu anayefanya kazi saa 12 mbele ya tanuru atasoma saa ngapi? Atakayekuwa tajiri miongoni mwetu na akumbuke kwamba ukarimu huanza siku ya mshahara.