Daktari Daniel Hale Williams wa Chicago

Wahitimu wenzangu, Mhariri amenitaka niandike juu ya mtu mmoja wa zamani ambaye maisha yake yana faida kwetu. Mimi niliyestaafu uganga msaidizi wilayani sikupata taabu ya kuchagua.

Daniel Hale Williams alizaliwa mwaka 1856 huko Hollidaysburg, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, akapelekwa Baltimore kujifunza ushonaji wa viatu. Kazi hiyo hakuipenda. Baadaye akawa kinyozi mjini Janesville, Wisconsin, na huko ndiko Daktari Henry Palmer alikomchukua awe mwanafunzi wake. Mwaka 1883 akapata shahada ya udaktari mjini Chicago.

Siku zile daktari Mweusi alikuwa hapati nafasi katika hospitali za mji ule, ila kwa nadra. Basi kasisi mmoja, Louis Reynolds, akamwendea na shauri la dada yake Emma, aliyetaka kuwa muuguzi lakini shule za Chicago zikamkataa kwa sababu ya rangi yake. Williams angeweza kumwombea Emma nafasi moja, yakaisha. Yeye akaamua kuanzisha hospitali yenye shule yake ya wauguzi. Fedha zikachangwa, na mwaka 1891 Hospitali ya Provident ikafunguliwa ikiwa na vitanda 12 tu. Madaktari Weusi na Wazungu walifanya kazi humo pamoja, na mgonjwa wa rangi yoyote alipokelewa.

Wengi humsifu kwa upasuaji wa Julai 1893. James Cornish alichomwa kisu kifuani. Williams akamfungua, akaushona utando unaozunguka moyo, bila eksirei wala damu ya kuongezea. Cornish akapona. (Tusidanganyane: daktari mwingine huko St. Louis alikwisha kushona utando kama huo mwaka 1891.) Lakini mimi niliyekesha wodini naiona shule ile ya wauguzi kuwa kubwa kuliko kisu kile. Mpasuaji akimaliza hunawa mikono akaenda zake. Anayebaki na mgonjwa usiku kucha ni muuguzi. Emma naye alihitimu Provident, kisha akaendelea na masomo hata akawa daktari mwaka 1895.

Mwaka huohuo Williams alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha madaktari Weusi wa Marekani. Mwaka 1913 Chuo cha Wapasuaji cha Marekani kilipoundwa, Mweusi alikuwa yeye peke yake kati ya wanachama waanzilishi.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba mwaka 1912 alijiuzulu Provident, nyumba aliyoijenga mwenyewe, baada ya ugomvi na wenzake. Alifariki mwaka 1931 huko Idlewild, Michigan. Hospitali yake ilifungwa mwaka 1987 kwa kukosa fedha, ikafunguliwa tena mwaka 1993 chini ya serikali ya wilaya ya Cook, kwa jina lilelile la Provident.