Imamu Shafii: Mwanafunzi wa Badia

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu katika imani, kwetu sisi kumwambia mtu kuwa ametoka porini ni kumtukana. Maana yake hana adabu wala hajui kusema mbele za watu. Waquraishi wa Makka waliona kinyume. Mtoto akizaliwa mjini, walimtafutia mlezi wa badia, yaani nyika ya jangwani, ili apate hewa safi, mwili wenye nguvu na Kiarabu kisichochanganyika. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alilelewa hivyo na Bi Halima, katika kabila la Banu Saad. Karibu karne mbili baadaye, kijana mwingine wa Kiquraishi aliifuata njia ya badia. Huyo ndiye Imamu ambaye madhehebu yake yanafuatwa na wengi wetu, kuanzia pwani hadi kwenye Maziwa Makuu. Tunamtaja kila tunapofungua kitabu cha Safina madrasa, lakini ni wachache wanaojua kuwa kabla ya kuwa mwanachuoni wa fiqhi alikuwa mwanafunzi wa jangwa.

Yatima wa Gaza

Jina lake ni Muhammad bin Idris, na Shafii ni nisba ya babu yake mmoja. Alizaliwa mwaka 150 Hijria (767 Miladia), mwaka uleule aliofariki Imamu Abu Hanifa. Kwa kauli iliyo mashuhuri alizaliwa Gaza. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo sana. Mama yake akahofia nasaba ya mwanawe isipotee ugenini, akamchukua hadi Makka kwa jamaa zake.

Walikuwa mafukara. Mama hakuwa na cha kumlipa mwalimu, lakini mwalimu alimkubali mtoto kwa sababu alikuwa akiwasomesha wenzake kila mwalimu anapotoka. Pesa za karatasi hazikuwepo, kwa hiyo aliandika kwenye mifupa. Akienda kwenye diwani, yaani ofisi za serikali, aliomba karatasi zilizokwisha kutumika ili aandike upande wa nyuma. Pamoja na dhiki hiyo, inapokewa kuwa alihifadhi Qur'an akiwa na umri wa miaka saba.

Miaka ya Banu Hudhayl

Kisha akatoka mjini, akaenda kuishi na kabila la Banu Hudhayl. Hawa waliishi katika milima na mabonde ya karibu na Makka, na ndilo kabila la Sahaba Abdullah bin Masud (R.A.). Walisifika kwa ufasaha kuliko makabila mengi. Wapokezi wametofautiana kuhusu muda aliokaa nao: wapo wanaosema miaka kumi, wengine wanasema zaidi. Wanalokubaliana ni kuwa alihama wanapohama na kutua wanapotua. Alijifunza kupanda farasi na kutupa mshale mpaka ikawa hakosi shabaha ila kwa nadra, na akahifadhi mashairi yao mengi.

Hapa inafaa tuulizane, mashairi ya watu wa nyikani yana nini hata mtoto aliyehifadhi Qur'an ayafuate? Mchukue Abu Dhuayb, mshairi mkubwa wa Hudhayl aliyesilimu. Inapokewa kuwa wanawe watano walikufa kwa tauni, naye akatunga shairi la maombolezo ambalo Waarabu wanalisoma mpaka leo. Ndani yake hazungumzii wanawe tu. Anatuonesha punda mwitu aliyetulia mlimani na majike yake, mpaka wanaposhuka kunywa maji na mshale wa mwindaji unawapata. Anatuonesha fahali mwitu aliyezingirwa na mbwa. Mwisho anatuonesha mashujaa wawili waliovaa deraya, kila mmoja akimuua mwenzake. Mnyama mwenye mbio hakuokoka, mwenye pembe hakuokoka, na mwenye chuma mwilini hakuokoka. Kwa washairi hawa nyika ni mahali ambapo mwanadamu anavuliwa kila anachojificha nyuma yake, akabaki anajua udhaifu wake. Qur'an ilishuka kwa lugha ya watu wa namna hii, waliokuwa wakitafuta maji na kusafiri kwa nyota. Aliyeishi maisha yao aliyasikia maneno yake kwa sikio jingine.

Kijana akarudi Makka akiwa hazina ya lugha. Hata Al-Asmai, bingwa wa lugha wa zama zile, anatajwa kuwa alisahihisha mashairi ya Hudhayl mbele yake.

Kutoka shairi hadi sharia

Angeweza kuishia hapo, akawa mshairi anayesifiwa kwenye mabaraza. Inasimuliwa kuwa kuna mtu alimsikia akighani, akamsikitikia kwa kipaji hicho kutotumika katika fiqhi. Neno hilo likamchoma. Akasoma kwa Muslim bin Khalid, mufti wa Makka, kisha akahifadhi Muwatta na kwenda Madina kumsomea Imamu Malik mwenyewe, mpaka Malik alipofariki mwaka 179.

Baadaye alipata kazi Yemen, akasingiziwa kuwa anashirikiana na waasi, na mwaka 184 akapelekwa mbele ya Khalifa Harun al-Rashid. Allah alimwokoa kwa ufasaha wake na kwa ushuhuda mzuri wa Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Alipookoka, badala ya kukimbia Iraki, alikaa akasoma kwa bwana huyohuyo elimu ya watu wa rai. Alisomesha Makka na Baghdad, kisha akahamia Misri karibu na mwaka 199. Huko alizipitia upya kauli zake nyingi, na ndiyo maana tunasema kauli ya zamani na kauli mpya. Alifariki mwishoni mwa Rajab mwaka 204 (820 Miladia), akazikwa Cairo.

Msafiri asiyeiona Kaaba

Badia ilimfuata mpaka katika kitabu chake Risala, kilichoweka misingi ya usuli-fiqhi. Anapoeleza neno shatra katika aya ya kibla, kwamba maana yake ni upande, anatoa ushahidi wa mashairi ya Waarabu, likiwemo la mshairi wa Hudhayl. Na anapotaka kufundisha ijtihadi ni nini, anatupa mfano wa msafiri. Aliye mbele ya Kaaba anaielekea kwa yakini. Aliye mbali nayo haruhusiwi kuelekea popote anapopenda, wala haambiwi aache kuswali. Ni lazima atafute dalili alizoziweka Allah: nyota, jua, milima na pepo. Wawili wakijitahidi na wakatofautiana, kila mmoja ataswali kwa kadiri dalili zilivyomwonesha.

Tuuzingatie mfano huu, maana katika vyuo vyetu tuna makundi mawili. Kuna wanaosema kuwa kila mtu aielewe dini anavyojisikia, na hao ni wasafiri wanaoswali bila kutazama nyota. Kuna pia wanaogombana msikitini kwa ajili ya kunuti, kila mmoja akimhukumu mwenzake kana kwamba anaiona Kaaba kwa macho. Imamu anawajibu wote wawili: jitahidi kwanza, kisha mheshimu aliyejitahidi.

Na dalili hazisomeki bila lugha. Imamu aliona kuwa ni wajibu wa kila Muislamu kujifunza Kiarabu kwa kadiri ya uwezo wake. Yeye alitumia miaka ya ujana wake kwenye jua na vumbi kwa ajili ya maneno, nasi tunataka fatwa kwa kipande cha video cha dakika moja. Tusiisifu nyika kupita kiasi, kwani mabedui wengi waliishi humo na hawakuwa maimamu. Jangwa lilimpa ulimi na subira, na fiqhi aliipata kwa kupiga magoti mbele ya masheikh wa mijini.

Ndugu yangu unayesoma uhandisi, udaktari au sheria, darasa la Kiarabu la jumuiya yetu lina viti vitupu. Anza na saa mbili kwa wiki. Na wewe uliye mbali na wazazi, katika chumba cha kupanga, ukihisi kuwa hapa ni nyikani kwako, jua kuwa aliyekutangulia katika upweke huo alitoka nao na elimu.

Allah amrehemu Imamu Shafii na mama yake, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.