William Lyons, baba wa Jaguar aliyekataa mbao za uongo

Katika gari nyingi zinazopita barabarani kwetu leo, ile sehemu ya kahawia inayong'aa mbele ya dereva si mbao. Ni plastiki iliyopigwa picha ya mti. Sir William Lyons, Mwingereza aliyeanzisha kampuni ya Jaguar, angeweza kufanya vilevile, kwa sababu alitafuta sana kuuza kwa bei ya chini.

Alizaliwa Blackpool tarehe 4 Septemba 1901. Mwaka wa 1922, yeye na William Walmsley walianza kutengeneza vigari vya kufungwa pembeni ya pikipiki. Mwaka wa 1927 wakaingia kwenye bodi za gari ndogo ya Austin Seven: kiunzi cha mbao, juu yake alumini. Mwaka uliofuata wakahamia Coventry.

Jina Jaguar lilitokea mwaka wa 1935, katika hoteli moja ya London. Waalikwa waliombwa kukisia bei ya gari mpya. Kwa wastani walitaja zaidi ya pauni 600, kumbe bei haikufika 400. Wenye dharau wakasema ni utajiri wa kujionyesha tu.

Lakini ndani mlikuwa na mti wa jozi, ule Wafaransa wanaouita noyer. Haukuwa ubao mzima: ni ngozi nyembamba ya mti, haifiki unene wa milimita moja, iliyobandikwa juu ya mbao za kawaida. Fundi alichukua vipande viwili vilivyofuatana katika gogo, akavifungua kama kitabu ili michoro itazamane, kisha akapaka vanishi na kusugua. Ndiyo maana hakuna Jaguar mbili za zamani zenye ubao unaofanana. Jua likipasua vanishi, seremala anaweza kuitoa na kuipaka upya. Plastiki ikipasuka, ni ya kutupa.

Kwenye gari za mbio zilizo wazi, kama XK120 ya mwaka wa 1948, ambako mvua ingeharibu mti, aliweka ngozi ya ng'ombe, si mbao ya kuigiza.

Tusimfanye malaika. Mwaka wa 1966, ili kupunguza gharama za Mark 2, viti vya ngozi viliondolewa na kuwekwa vya ngozi bandia. Mti wa jozi ulibaki.

Lyons alitafuta sura ya gari akiwa na maseremala na mafundi wa bati, wakijenga mfano wa ukubwa kamili, naye akisema hapa punguza, pale ongeza. Mtoto wake wa pekee wa kiume, John, alikufa mwaka wa 1955 katika ajali ya barabarani Ufaransa, akielekea mbio za Le Mans. Kampuni ikakosa mrithi. Mwaka wa 1966 aliiunganisha na kampuni kubwa ya BMC, na mwaka wa 1972 akastaafu.

Alifariki tarehe 8 Februari 1985 nyumbani kwake Wappenbury Hall, mahali palepale mifano ya gari ilipokuwa ikiletwa aitazame katika mwanga wa nje.