Barney Barnato: Mchekeshaji wa jukwaani aliyekuwa tajiri wa almasi

Kama unadhani hasla ilianzia mtaani kwenu, kaa hapa nikusimulie kuhusu Barney Barnato.

Jina lake halisi lilikuwa Barnett Isaacs. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1850 mashariki mwa London, mtaa wa watu wa chini. Babake aliuza nguo kuukuu, mitumba tuseme. Shule aliiacha akiwa na miaka kama 14, kisha yeye na kakake Harry wakaingia jukwaani: viinimacho, vichekesho, kurusha vitu hewani na kuvidaka. Barnato lilikuwa jina la kazi, likamganda.

Habari za almasi za Kimberley, Afrika Kusini, zilipofika London, Harry alitangulia. Barney akamfuata mwaka wa 1873. Wakati huo reli haikuwa imefika huko. Kutoka pwani ni mikokoteni ya ng'ombe na miguu yako. Alipofika aliuza vikorokoro, akapigana ndondi, akachekesha watu, kisha akawa broka. Alizunguka mashimoni akinunua almasi ndogondogo na kuziuza kwa faida.

Sasa skiza. Udongo wa njano ulipoisha na wachimbaji kugonga mwamba wa buluu, wengi waliamini almasi zimekwisha, wakaanza kuuza. Mwaka wa 1876, Barney na kakake wakanunua vipande vinne vya mgodi wa Kimberley. Kumbe ule mwamba wa buluu ndio uliobeba almasi zenyewe! Wakaomoka.

Lakini usidanganyike kwamba alichimba kwa mikono yake. Shimo lile, lenye kina cha zaidi ya mita 200, lilichimbwa na maelfu ya Waafrika. Kuanzia miaka ya 1880 kampuni za migodi ziliwafungia kambini na kuwapekua wakiwa uchi, wasije wakatoka na jiwe.

Baadaye Barney akakutana na Cecil Rhodes, naye akitaka almasi zote ziwe chini yake. Walishindania hisa hadi Barney akakubali kuungana naye. Mwaka wa 1889, kampuni ya De Beers iliandika hundi ya pauni 5,338,650 kununua Kimberley Central, kampuni ambayo Barney alikuwa na hisa nyingi. Tayari alikuwa mbunge wa Kimberley. Mtoto wa mitumba, mheshimiwa!

Akahamia dhahabu ya Johannesburg. Mwaka wa 1895 alianzisha benki yenye jina lake na watu wakagombania hisa. Miezi michache baadaye soko likaporomoka. Akatumia pesa zake nyingi kujaribu kulizuia.

Hapo ndipo mambo yalianza kumlemea. Alikunywa sana, na hofu ya kufilisika ikamwandama ilhali bado alikuwa tajiri. Tarehe 14 Juni, 1897, akisafiri kurudi Uingereza kwa meli iitwayo Scot, aliruka baharini karibu na Madeira. Afisa mmoja wa meli alijirusha kumwokoa, ila hakufanikiwa. Uchunguzi uliamua kwamba alikufa maji akili ikiwa imevurugika.

Kila mtu alimjua Barney kama yule jamaa wa kuchekesha. Nawe bila shaka una rafiki wa aina hiyo, ambaye bila yeye gumzo haliendi. Siku akinyamaza, usingoje. Mpigie.