Beryl Markham: Rubani aliyejijengea saa zake katika anga la Afrika Mashariki

Kijana wa Mbale au Jinja anayetamani kuwa rubani hukabiliwa mapema na maswali mawili: fedha zitatoka wapi, na mafunzo yatapatikana wapi. Kutoka chini ya ukingo wa Wanale, safari ya takribani kilomita 100 kuelekea kaskazini-magharibi humfikisha Soroti, penye chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengine hutazama Nairobi, Afrika Kusini au nchi za ng'ambo, wakilinganisha ada, hali ya hewa na idadi ya ndege za mafunzo.

Kinachotafutwa kote huko ni saa za kuruka. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani wa kibiashara huhitaji saa 200, au 150 kwa anayesoma kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya nahodha wa shirika la ndege, huhitaji saa 1,500. Kila saa ina gharama ya mafuta, matengenezo na mwalimu, na wapo wengi ambao ndoto yao hukwama katikati ya hesabu hiyo.

Miaka 40 kabla ya chuo cha Soroti kufunguliwa, mwanamke mmoja aliyekulia Njoro, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, aliikabili hesabu hiyo kwa njia yake. Jina lake ni Beryl Markham.

Utoto wa Njoro

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 huko Ashwell, Uingereza, kwa jina la Beryl Clutterbuck. Baba yake, Charles Clutterbuck, alihamia Afrika Mashariki ya Kiingereza mwaka 1904 na kuanzisha shamba Njoro, alikofuga farasi wa mashindano na kuendesha kinu cha nafaka. Mama yake hakuyaweza maisha yale. Alirejea Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, na binti akabaki na baba.

Malezi yake hayakufanana na ya mabinti wengi wa walowezi. Alicheza na kuwinda na watoto wa Kikipsigis, akajifunza kurusha mkuki, na Kiswahili kikawa moja ya lugha za utoto wake. Rafiki yake mkubwa alikuwa Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa aliitwa arap Ruta. Urafiki huo ulidumu hadi utu uzima, lakini ulipita katika njia iliyokwisha chorwa na ukoloni: waliocheza pamoja wakiwa sawa walikua, mmoja akawa mwajiri na mwingine mtumishi.

Ukame uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ulimfilisi Clutterbuck, aliyekuwa amefunga mikataba ya unga kwa bei isiyobadilika. Alikwenda Peru kuanza upya. Beryl, ambaye hakuwa ametimiza miaka 20, alibaki Kenya na kupata leseni ya ukufunzi wa farasi wa mashindano, mwanamke wa kwanza nchini humo kuipata. Mwaka 1926 farasi wake Wise Child alishinda mbio kubwa za St Leger jijini Nairobi. Aliolewa mara mbili katika miaka hiyo. Jina la Markham alilipata kwa mume wa pili, Mansfield Markham, ambaye alizaa naye mtoto wa kiume mwaka 1929.

Kuchagua mwalimu

Usafiri wa anga ulikuwa ukianza kuota mizizi Kenya. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi unabeba jina lake hadi leo. Rubani mkuu wa kampuni hiyo alikuwa Tom Campbell Black, mtu aliyezifahamu njia za Kenya na za bonde la Nile kwa kuzipitia mara kwa mara.

Walowezi wenye uwezo walikuwa na desturi ya kwenda Uingereza kujifunza. Denys Finch Hatton, mwindaji maarufu na rafiki wa Beryl, alifanya hivyo, akanunua ndege ya Gipsy Moth na kuileta Kenya kwa meli. Tarehe 14 Mei 1931 ndege hiyo ilianguka mara baada ya kupaa Voi. Finch Hatton na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau, walikufa papo hapo. Beryl alikuwa amealikwa katika safari hiyo, na kwa maelezo yake mwenyewe ni Campbell Black aliyemsihi asiende.

Msiba huo haukumrudisha nyuma. Hakuvuka bahari kutafuta shule. Alimchagua Campbell Black, aliyekuwa akifundisha hapo hapo Nairobi. Mwezi Juni 1931, majuma machache baada ya ajali ya Voi, aliruka peke yake kwa mara ya kwanza, na Julai akapata leseni ya rubani wa binafsi. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa katika mafunzo yake. Nairobi iko juu sana kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na wakati wa joto la mchana ndege yenye injini ndogo huhitaji masafa marefu zaidi ili ipae. Mawingu hujikusanya ghafla juu ya milima, na nje ya mji kulikuwa na viwanja vichache tu. Mwanafunzi aliyesomea Uingereza angelazimika kujifunza hayo yote upya aliporudi. Beryl aliyajifunza tangu saa yake ya kwanza.

Daftari la safari

Leseni ya kwanza haikumruhusu kulipwa. Ili aishi kwa kazi ya urubani alihitaji leseni ya kibiashara, na ili aipate alihitaji saa nyingi zaidi, ujuzi wa kuongoza ndege kwa ramani na dira, na ufahamu wa injini. Alinunua ndege ndogo aina ya Avro Avian, yenye viti vilivyo wazi na alama za usajili VP-KAN. Mwaka 1932, kabla leseni yake haijatimiza mwaka mmoja, aliirusha peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza. Safari ya aina hiyo humpa rubani saa nyingi na za namna mbalimbali: jangwa, bahari, mvua, viwanja vigeni na hitilafu za injini zinazomkuta mbali na fundi.

Mwaka 1933 alifaulu mtihani wa leseni ya kibiashara, mwanamke wa kwanza nchini Kenya kufika hatua hiyo. Kuanzia hapo saa zake zililipiwa na kazi. Alibeba abiria, barua na dawa, na alitafuta makundi ya tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji matajiri walioongozwa na Bror Blixen. Kazi hiyo ya mwisho ililipa vizuri kuliko nyingine, ila ilimlazimu kuruka chini sana juu ya pori lisilo na mahali pa kutua, na ndiyo inayotazamwa leo kwa jicho kali zaidi.

Safari moja iliyoandikwa katika daftari lake ni ya tarehe 16 Juni 1935, kutoka Nairobi hadi machimbo ya dhahabu ya Nungwe, kusini mwa Ziwa Victoria, katika Tanganyika ya wakati huo. Alipeleka mtungi wa oksijeni kwa mchimbaji mahututi. Aliruka usiku, bila redio, akitafuta gizani mioto iliyowashwa kuonyesha uwanja. Daftari linaonyesha saa tatu na dakika 40, mstari mmoja tu kama mistari mingine.

Arap Ruta alikuwa naye katika kazi hizo, akihudumia ndege kama alivyohudumia farasi hapo awali. Alikuwepo uwanjani ndege ilipoondoka na iliporudi. Lakini daftari la saa lilikuwa la mtu mmoja. Katika Kenya ya walowezi urubani ulikuwa mikononi mwa Wazungu, na mlango uliomfungukia binti wa Njoro haukumfungukia mwenzake waliyekua pamoja.

Kuvuka Atlantiki

Mwaka 1936 Lord Carbery, mlowezi mwingine wa Kenya, alimwazima ndege mpya aina ya Percival Vega Gull, ili ajaribu kuvuka Bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Upande huo ndio mgumu, kwa sababu pepo kuu za bahari hiyo huvuma zikimkabili rubani. Jim Mollison alikuwa amevuka peke yake kutoka Ireland mwaka 1932, lakini hakuna mwanamke aliyekuwa amefanikiwa.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 Beryl alipaa kutoka Abingdon. Ndege ilijazwa matangi ya ziada hadi ndani ya chumba cha abiria, na haikuwa na redio. Aliruka usiku kucha katika mvua na ukungu. Alipokaribia nchi kavu injini ilianza kukosa mafuta, na ilidhaniwa baadaye kwamba barafu iliziba njia ya hewa ya tangi. Baada ya saa 21 na dakika 25 alitua kwa dharura kwenye kinamasi huko Baleine, kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada. Ndege ilizama pua, naye akatoka akiwa na jeraha kichwani. New York, alikokusudia kutua, ilimpokea siku chache baadaye kwa shangwe. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari hiyo peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

Furaha haikudumu. Tarehe 19 Septemba, majuma mawili tu baadaye, Campbell Black aliuawa katika uwanja wa Speke, Liverpool, pale ndege ya kijeshi ilipoigonga yake ikiwa ardhini.

Miaka ya mwisho

Sifa hazikumletea kazi ya kudumu angani. Alihamia Marekani, na mwaka 1942 akachapisha kumbukumbu za maisha yake, West with the Night. Kitabu hicho kilisifiwa, kisha kikasahaulika wakati wa vita. Baadaye ulizuka mjadala iwapo mume wake wa tatu, mwandishi Raoul Schumacher, alikuwa na mkono katika uandishi wake, na wataalamu hawajakubaliana hadi leo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alirudi Kenya na kazi yake ya kwanza, farasi, na akashinda mashindano makubwa ya nchi mara kadhaa. Uzeeni aliishi karibu na uwanja wa mbio wa Nairobi akiwa na kipato kidogo, hadi kitabu chake kilipochapishwa tena mwaka 1983 na kumpa riziki. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Wakati huo chuo cha Soroti kilikuwa na miaka 15. Kilianzishwa ili vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wapate nyumbani kile ambacho ukoloni uliwanyima. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, kilibaki mikononi mwa Uganda.

Kwa familia za mashariki mwa Uganda, na kwa jamaa zao walioko ughaibuni wanaochangia karo, maisha ya Markham yanasaidia kupanga maswali kabla ya kulipa. Nani anafundisha, na amerukia wapi? Je, saa zinazouzwa zitapatikana katika hali ya hewa ya namna moja tu, au zitajumuisha usiku, safari ndefu na viwanja vigeni? Je, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ambako kijana anatarajia kuajiriwa itaitambua leseni hiyo, na kwa mitihani ipi ya ziada? Saa mia moja za kuzunguka uwanja uleule na saa mia moja za njiani huandikwa kwa tarakimu ileile. Mwajiri anayelifungua daftari husoma pia majina ya viwanja, aina za ndege na safari za usiku.