Frank Hurley, Mpiga Picha wa Nchi za Barafu

Katika mji wa Sydney, ulio bandari kubwa ya Australia, mwaka 1885 alizaliwa mtoto aliyeitwa James Francis Hurley, lakini watu walimjua kwa jina la Frank. Baba yake alikuwa mpiga chapa. Mtoto huyu hakupenda kukaa darasani. Husimuliwa kwamba siku moja aligombana na mwalimu wake, na kwa kuogopa adhabu akatoroka nyumbani, naye ana umri wa miaka 13 tu. Akaenda mpaka Lithgow, mji ulio milimani upande wa magharibi, akapata kazi katika kiwanda cha chuma. Kazi ile ilikuwa ya joto na jasho, nayo ilimfundisha kutumia mikono yake. Baada ya miaka miwili akarudi kwao, na sasa yeye aliyekimbia shule akaanza kuitafuta. Mchana alifanya kazi, na usiku alikwenda kusoma katika shule ya ufundi, tena alihudhuria mafundisho ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Sydney.

Alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi aliona kamera ndogo ya Kodak iliyokuwa ikiuzwa kwa shilingi 15. Hakuwa na fedha hizo. Basi akapatana na mwenye duka, akawa analipa shilingi moja kila juma mpaka deni likaisha. Kamera yenyewe ilikuwa kama sanduku tu, lakini Hurley aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Haifai msomaji afikiri kwamba kupiga picha siku zile kulikuwa kazi nyepesi. Wapigaji waliotaka picha nzuri walitumia vipande vya kioo vilivyopakwa dawa yenye fedha ndani yake. Dawa ile hugeuka ikipigwa na mwanga, kwa hiyo kioo kilitiwa katika kamera gizani, kikaonyeshwa nuru kwa muda mfupi, kisha kikapelekwa katika chumba cha giza na kuoshwa kwa dawa nyingine. Ndipo picha ilipotokea, nayo ilikuwa kinyume: palipo peupe paligeuka kuwa peusi, na palipo peusi pakawa peupe. Mwisho mwanga ulipitishwa katika kioo kile mpaka juu ya karatasi, na karatasi ikapokea picha iliyo sawa. Kioo kikianguka, picha imekwisha. Hurley alijifunza mambo haya yote usiku baada ya usiku, akaharibu vioo vingi kabla ya kupata kimoja kizuri.

Mwaka 1905 aliingia katika biashara ya kuuza kadi za posta zenye picha. Wafanya biashara wa namna hiyo walikuwa wengi, kwa hiyo alitafuta picha ambazo wengine hawakuthubutu kuzipiga. Alikwenda pwani wakati wa dhoruba, mawimbi yakamrukia. Tena alisimama karibu kabisa na reli ili apige picha ya gari la moshi likija mbio mbele yake. Ujasiri huu ulikaribia kuwa upumbavu, lakini kadi zake zilinunuliwa.

Mwaka 1911 mtaalamu mmoja jina lake Douglas Mawson alikuwa akitengeneza safari ya kwenda Antaktiki, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia. Hurley alisikia kwamba anatakiwa mpiga picha. Hakungoja kuandika barua. Aliingia katika gari la moshi alimokuwamo Mawson, akaketi karibu naye, akamweleza habari zake njia nzima, hata Mawson akakubali kumchukua. Mahali walipojenga nyumba yao palikuwa na upepo mkali ajabu, hata watu walitembea wameinama mbele kama wanaosukuma ukuta. Hurley alijifunza kupiga picha katika upepo ule, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Aliporudi, jina lake lilikuwa limekwisha kuenea, na mwaka 1914 aliitwa na Ernest Shackleton, msafiri maarufu, aliyetaka kulivuka bara lile kutoka bahari mpaka bahari. Merikebu yao iliitwa Endurance. Tarehe 5 Desemba 1914 waliondoka katika kisiwa cha South Georgia, watu 28 pamoja na mbwa wengi wa kukokota mizigo juu ya theluji. Katika Januari 1915, ndani ya Bahari ya Weddell, barafu iliizunguka merikebu pande zote ikaishika. Hapakuwa na njia ya mbele wala ya nyuma. Miezi ikapita, merikebu ikichukuliwa polepole pamoja na barafu, na kwa muda wa majira ya baridi jua lenyewe halikuonekana.

Wengine walipokaa wakicheza karata, Hurley alifanya kazi. Alipanda juu ya milingoti na kamera yake nzito. Aliwapiga picha mabaharia wakisugua sakafu, wakilisha mbwa, wakikatana nywele. Alisafisha vioo vyake melini, na kwa ajili ya baridi na dawa ncha za vidole vyake zikapasuka. Usiku wa tarehe 27 Agosti 1915 alitaka kuionyesha merikebu ilivyosimama katika giza. Aliweka unga wa kutoa mwanga mahali kama 20 nyuma ya mafungu ya barafu, akauwasha mmoja mmoja. Mwanga ule ulimtia kiwi, akawa anajikwaa na kuanguka katika theluji. Lakini picha ilipotokea, merikebu ilionekana nyeupe tupu, kila kamba imefunikwa na barafu, kama kitu kilichotoka kaburini. Picha hiyo hutazamwa hata leo, na ni vigumu kuona nyingine iliyo bora katika safari zote za barafu.

Barafu iliendelea kubana. Mbao zikalia, mihimili ikavunjika, na tarehe 27 Oktoba 1915 Shackleton akaamuru watu wote watoke. Wakapiga hema juu ya barafu, na chini yao palikuwa na bahari. Vioo vya Hurley vilibaki ndani ya merikebu, katika masanduku ya bati yaliyolehemiwa ili maji yasiingie. Siku chache baadaye alirudi. Merikebu ilikuwa imejaa maji yaliyochanganyika na vipande vya barafu. Alibomoa ukuta wa mbao, akavua nguo, akazama katika maji yale yaliyokaribia kuganda, akapapasa gizani mpaka akayashika masanduku, akayatoa moja moja. Yalikuwa hayakuingia maji.

Walakini taabu ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Watu walikuwa na mashua tatu tu, na kila mmoja alikuwa ameamriwa kuacha vitu vyake, maana uzito ungeweza kuwaua wote. Vioo vilikuwa zaidi ya 500. Tarehe 9 Novemba Hurley na Shackleton wakaketi juu ya barafu, wakavitazama kimoja kimoja mbele ya mwanga. Vile walivyochagua, kama 120, wakavifunga tena katika bati. Vilivyokataliwa Hurley alivivunja palepale, vipata 400, ili asije akashawishika kurudi kuvichukua. Msomaji aliyefanya kazi ya mwaka mzima kwa mikono yake mwenyewe atajua jinsi sauti ya vioo vile ilivyoumiza. Kamera zake kubwa aliziacha pia. Akabaki na kamera moja ndogo ya mfukoni na filamu tatu. Tarehe 21 Novemba Endurance ikazama.

Walikaa juu ya barafu mpaka Aprili 1916, kisha barafu ikapasuka wakaingia katika mashua. Baada ya siku kadhaa za mawimbi na kiu walifika kisiwa cha Elephant, mahali pa mawe na pengwini. Tarehe 24 Aprili Shackleton na watu watano wakaondoka kwa mashua moja kwenda kutafuta msaada. Watu 22, Hurley akiwamo, wakabaki. Waligeuza mashua mbili juu chini, wakazifanya nyumba, wakala nyama ya sili na pengwini. Picha zilizobaki katika filamu zilikuwa chache, na Hurley alizitumia kama mtu jangwani atumiavyo maji. Tarehe 30 Agosti 1916 Shackleton akarudi na meli ya Chile iitwayo Yelcho. Watu wote 28 wa Endurance walikuwa hai.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Australia ilimpeleka Hurley katika uwanja wa vita huko Ubelgiji. Aliona matope yaliyomeza watu na farasi, na misitu iliyobaki visiki tu. Akaona tena kwamba kamera haiwezi kuchukua vita vyote kwa mara moja. Askari wakitoka handakini, ndege hazipiti juu yao saa ile ile, na kombora hupasuka mahali pengine. Basi akatumia ufundi alioujua tangu siku za kadi za posta. Alichukua askari katika kioo kimoja, moshi katika kioo cha pili, ndege katika cha tatu, akazichapa zote katika karatasi moja, kila mara akiziba sehemu isiyotakiwa. Picha moja kubwa ilitengenezwa kwa vioo 12.

Charles Bean, aliyekuwa akiandika habari za vita vya Waaustralia, hakukubali hata kidogo. Kwa mawazo yake picha ya vita ni ushahidi, na ushahidi haushonwi kama nguo. Hurley alijibu kwamba bila ya kuunganisha, watu wa nyumbani hawatajua vita vilivyo, akatishia kuacha kazi. Mwisho wakubwa wakamruhusu picha sita za namna ile, kwa sharti kwamba iandikwe wazi kuwa zimeunganishwa. Katika Mei 1918 picha ya vioo 12 ilionyeshwa London, na watu wengi walikwenda kuitazama. Lilikuwa shauri la haki, maana kosa la picha ya namna hii si kuunganishwa kwake, bali ni kumficha mtazamaji.

Na kosa hilo Hurley hakuliepuka sikuzote. Iko picha ya kisiwa cha Elephant, watu wamesimama ufukweni wakipunga mikono kuelekea mashua. Ilipigwa tarehe 24 Aprili 1916, wenzao wakiondoka, na wao hawajui kama watawaona tena. Baadaye ilibadilishwa, ikaonyeshwa kuwa ndiyo siku ya kuokolewa. Hivyo kwa muda mrefu watu waliitazama huzuni ya kuagana wakidhani wanaona furaha.

Hurley alimwoa mwimbaji, Antoinette Thierault, mjini Cairo mwaka 1918. Katika miaka iliyofuata alikwenda Papua, akapiga picha na filamu za watu wa huko, tena akarudi Antaktiki pamoja na Mawson kati ya mwaka 1929 na 1931. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa Mashariki ya Kati na kamera yake. Alikufa Sydney tarehe 16 Januari 1962, mwenye umri wa miaka 76.

Katika Machi 2022 wataalamu waliiona Endurance katika vilindi vya Bahari ya Weddell, mita 3,008 chini. Walishusha chombo chenye kamera na taa, mahali ambapo jua halifiki. Merikebu ilikuwa imesimama wima, na nyuma yake jina lingali likisomeka. Waliilinganisha na picha zilizotoka katika masanduku ya bati, nazo zilipatana.